Dawa Zikishindwa na Vijidudu, Kikundi Kifanye Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya upande wa Njoro, Molo na Kuresoi. Tumeyachapisha kwa sababu makatibu kadhaa waliomba kuyasoma mbele ya wanachama wao.)



Wenyeviti, makatibu, watunza hazina, akina mama na wazee mliofika, poleni kwa safari na matope. Najua wengine wenu mmekamua saa kumi ya usiku ndipo mkaweza kuwa hapa saa nne. Kwa hivyo sitawaweka mpaka jioni. Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa vijidudu kuingia katika damu, na dawa ambazo zimeanza kushindwa na vijidudu hivyo. Halafu tutafungua kitabu cha sheria za kikundi. Mtaona kwa nini.

Tuanze na damu. Mwilini mwa kila mmoja wetu kuna bakteria nyingi sana, kwa ngozi, mdomoni na matumboni. Nyingi hazina ubaya, na zingine zinatusaidia. Lakini ndani ya damu hazitakiwi. Zikipata mlango, labda kitovu cha mtoto mchanga, kidonda, nimonia ya mapafu, tumbo lililochafuka kwa maji mabaya, au tumbo la uzazi la mama aliyejifungua juzi, zinachukuliwa na damu na kupelekwa mwili mzima. Wazee wetu husema "sumu imeingia kwa damu", nao hawakukosea sana. Mgonjwa wa namna hiyo hangoji siku ya soko.

Nitawapa hesabu moja ya hapa hapa Kenya. Katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, kati ya Agosti 1998 na Julai 2002, watafiti walipima damu ya watoto waliolazwa. Walipata watoto 1,094 waliokuja kutoka nyumbani wakiwa tayari na bakteria katika damu. Kati ya hao walikufa 308. Sasa sikilizeni vizuri: 103 walikufa siku ile ile ya kufika hospitalini, na kufikia siku mbili waliokufa walikuwa 217. Yaani madaktari walikuwapo, na dawa ilikuwapo, lakini mtoto alifika wakati saa zake zimekwisha. Na Kilifi ni mahali pa mbu wengi. Hata huko, vifo vya watoto hospitalini vilivyokuwa na bakteria hizi vilizidi vile vya malaria.

Huku kwetu je? Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na Molo na Mau Narok ni juu zaidi, kwenye baridi ya pareto na viazi. Mbu wa malaria hapendi huku kama anavyopenda pwani au kando ya ziwa Victoria. Lakini mtu akipata homa Elburgon utasikia nini? "Ni malaria na typhoid." Kila mara hayo mawili, kama pacha. Mimi nimechoka kuyasikia.

Typhoid, yaani homa ya matumbo, ipo kweli, na bakteria yake huingia damuni. Lakini wengi wanaoambiwa wana typhoid wamepimwa kwa tone la damu na matokeo yakatoka baada ya dakika chache. Kipimo hicho kinaitwa Widal, kimekuwako tangu 1896. Hakitafuti bakteria yenyewe. Kinatafuta alama ambazo mwili huweka baada ya kupigana, na alama hizo hubaki muda mrefu, tena wakati mwingine huwekwa na ugonjwa mwingine kabisa. Kwa hivyo mtu mwenye mafua ya kawaida anaweza kuambiwa ana typhoid, akachomwa sindano siku tano, akalipa, akapona mafua yake ambayo yangepona yenyewe, halafu akaisifu sindano. Mwaka ujao tena hivyo hivyo.

Sindano hiyo mara nyingi ni seftriaksoni. Ni dawa nzuri, ya nguvu. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu. Lakini kwa kliniki nyingi za kando ya barabara imekuwa kama chai.

Kipimo chenyewe cha kujua bakteria ya damu ni cha kuotesha. Damu inachukuliwa kwa usafi mkubwa, kwa mtoto mchanga ni kidogo tu, haijai hata kijiko cha chai. Inatiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, na chupa inawekwa pahali pa joto. Akina mama wanaogandisha maziwa wanaelewa: huwezi kuharakisha. Inachukua siku mbili, pengine zaidi, ndipo ijulikane kuna mdudu gani, halafu mdudu huyo anajaribiwa kwa dawa mbalimbali kuona ni ipi inamuua na ipi anaidharau. Dispensari haiwezi kazi hiyo, inataka maabara ya hospitali kubwa. Daktari mwenyewe hangoji majibu, anaanza dawa mara moja, halafu anabadilisha majibu yakitoka.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Mtoto akipewa antibiotiki ya kemisti jana na juzi, ile damu mara nyingi haioti kitu. Dawa imezipunguza bakteria kiasi cha kuzificha maabara, lakini haikuzimaliza mwilini. Daktari anabaki anakisia. Kwa hivyo ukifika hospitali, sema wazi mtoto amepewa nini, na uende na chupa au karatasi ya dawa. Usiogope kugombezwa. Ukigombezwa, vumilia, lakini sema.

Sasa, dawa inashindwaje? Hili nyinyi mnalijua kuliko mimi, kwa sababu mmefuga ng'ombe. Wazee hapa wanakumbuka josho za zamani zilizokuwa na aseniki. Kupe wakaizoea. Ikaja toksafeni, wakaizoea. Ikaja Steladone, halafu Triatix, na leo mko agroveti mnauliza kama kuna nyingine. Ilikuwaje? Mtu anaongeza maji ili dawa ya kupulizia itoshe ng'ombe sita badala ya wanne. Kupe dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki, na wale wagumu ndio wanaotaga mayai. Baada ya misimu kadhaa una kupe wagumu watupu, na jirani yako, ambaye anachanganya dawa vizuri, anao pia, kwa sababu kupe hasomi mpaka wa shamba.

Bakteria ni hivyo hivyo, ila zina mambo mawili mabaya zaidi. Kwanza zinazaana haraka, nyingine kwa dakika ishirini tu. Pili, zinapeana ujuzi. Bakteria ya tumboni isiyo na madhara inaweza kuwa na kipande cha maagizo ya kushinda dawa, ikakipitisha kwa bakteria mbaya ya aina nyingine kabisa. Ni kama jirani anakupa mbegu juu ya ua. Ndiyo sababu kumeza antibiotiki kwa mafua ni hasara hata kama hukuumwa na chochote. Mafua yanaletwa na virusi, dawa haiwagusi. Inazifundisha zile bakteria zako za tumboni.

Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilisema jambo hili mapema. Alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alieleza mfano wa bwana mmoja mwenye koo linalouma. Bwana huyo ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo, kiasi kisichoua vijidudu ila kinavifundisha. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, haifanyi kazi, mke anakufa. Hayo yalisemwa wakati dawa yenyewe ilikuwa ngeni sokoni. Sisi leo tunaingia kemisti na kusema, "Nipatie zile za rangi mbili, za hamsini." Kisheria dawa hizo haziuzwi bila karatasi ya daktari. Mnajua na mimi najua jinsi zinavyouzwa.

Hapa Kenya tumeshaona matokeo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI walipata Nairobi typhoid iliyoshinda kwa pamoja dawa tulizozitegemea: ampisilini, klorafenikoli, septrini na tetrasaiklini. Wenye umri wangu wanaikumbuka klorafenikoli, ilivyokuwa chungu. Kuna pia jamii ya Salmonela ambayo si ya typhoid, inayoingia damuni hasa kwa watoto wenye utapiamlo, malaria au virusi vya UKIMWI. Mwaka 2009 wataalamu waliochunguza bakteria kutoka Malawi na Kenya walionyesha kwamba kuna aina moja iliyosambaa Afrika ikiwa imebeba ushindi juu ya dawa kadhaa. Duniani kote, kwa mwaka 2019 peke yake, ilikadiriwa kwamba watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu dawa zilishindwa, na Afrika ya kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa hesabu ya watu wake.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni watoto wachanga. Utafiti uliofanywa kati ya 2018 na 2020 katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwamo, ulifuata watoto wachanga 3,204 walioshukiwa kuwa na maambukizi makali. Bakteria iliyoonekana zaidi katika damu iliitwa Klebsiela. Hii ni mdudu wa hospitali: hukaa kwenye sinki, kwenye mirija, kwenye mikono ya anayehudumia vitanda kumi bila kunawa. Nayo mara nyingi inadharau dawa za kwanza ambazo mtoto mchanga hupewa, penisilini au ampisilini pamoja na jentamaisini. Katika utafiti huo, wale ambao bakteria ilionekana katika damu yao walikufa 17 au 18 katika kila mia.

Najua mtaniuliza: ikiwa mdudu yuko hospitali, si afadhali kukaa nyumbani? Hapana. Nyumbani kuna wadudu wao, na hakuna oksijeni wala sindano. Nenda, na ukiwa huko nawa mikono kila ukimgusa mtoto, na umwombe kwa heshima kila anayemgusa anawe pia. "Dada, tafadhali nawa kwanza." Si matusi. Mwuguzi mwenye hekima hakasiriki, na asiye nayo akasirike tu.

Sasa nifike kwenye kile kitabu cha sheria.

Kuna mama mmoja, sitasema wa wapi, alijifungua mtoto mzima. Siku ya tisa mtoto akaanza kunyonya vibaya, baadaye akawa moto, baadaye akawa baridi. Bibi ya mtoto akasema ni kitovu. Mama akatumia mia mbili kwa kemisti, akapewa chupa ya dawa ya majimaji. Siku ya pili akaenda kliniki moja, mtoto akachomwa sindano, wakarudi nyumbani. Siku ya tatu ndipo wakasema aende hospitali kubwa. Bodaboda mpaka lami, matatu mpaka mjini, na pesa ya kuacha kwa watoto wengine, jumla kama elfu mbili. Hakuwa nayo. Alipiga simu kwa mtunza hazina wa kikundi chake. Mtunza hazina ni mtu mwema, lakini sheria ilisema mkopo hutolewa siku ya mkutano, na mkutano ulikuwa Alhamisi. Mama akauza kuku, akafika jioni ya siku ya nne. Damu ilichukuliwa, haikuotesha kitu, na tumeshasema kwa nini. Mtoto alikufa asubuhi iliyofuata.

Saa nne ya asubuhi hiyo kikundi kilikuwa kimetoa elfu kumi, na wanachama walichanga zingine. Hakuna aliyengoja Alhamisi. Sheria ya msiba ilikuwa wazi.

Silaumu kikundi hicho. Nimesoma sheria za vikundi vingi katika eneo hili na karibu vyote viko namna hiyo. Msiba una ukurasa mzima: mwanachama kiasi hiki, mume au mke kiasi hiki, mzazi, mkwe, mpaka jeneza na chai ya wageni. Ugonjwa una mstari mmoja: "Kikundi kitamtembelea mgonjwa na kumpelekea sukari." Sisi ni watu wa kuzika vizuri. Lakini kama pesa zipo siku ya tano, basi zilikuwapo siku ya kwanza.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila kikundi kitenge pesa kidogo za safari ya hospitali, ambazo mtunza hazina na mwanachama mwingine mmoja wanaweza kuzitoa usiku wa manane bila mkutano, kwa simu. Kiasi kihesabiwe kwa nauli ya kweli kutoka kijijini kwenu mpaka hospitali inayolaza watoto, si kwa kukisia. Kikundi cha Kuresoi hakitakuwa na kiasi sawa na cha Njoro. Zirudishwe polepole, bila riba. Wengine watazitumia vibaya, ndiyo. Hata za msiba zimewahi kutumiwa vibaya na hatukuzifuta.

Na zitolewe kwa dalili, si kwa kubembeleza. Mtoto mchanga asiyenyonya au aliyeacha kunyonya. Aliye moto au baridi kuliko kawaida. Anayepumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinaingia ndani akivuta pumzi. Aliyeshikwa na degedege. Asiyejigeuza mpaka aguswe. Mwenye kitovu chekundu kinachotoa usaha. Mwenye viganja na nyayo za manjano. Moja tu kati ya hizo inatosha. Mama aliyejifungua akiwa na homa na tumbo linalouma, vivyo hivyo, na uchafu wenye harufu mbaya usingojwe. Mtu mzima mwenye homa aliyeanza kuchanganyikiwa, naye aende. Wahudumu wa afya ya jamii mlio nao vijijini wamefundishwa dalili hizi. Mwalikeni mmoja kwa mkutano, na mpeni nafasi kabla ya hesabu, si baada ya watu kuanza kuondoka.

Watunza hazina pia waulize kila mwanachama kama amejiandikisha SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kama malipo yake hayajalala. Mtu anagundua hajalipa akiwa kwenye dirisha la hospitali, mtoto mgongoni. Huo si wakati wa kugundua.

Kuhusu chanjo nitasema haraka kwa sababu mko wengi mnaoamini. Chanjo ya Hib ilianza Kenya mwaka 2001 na ile ya numokoka mwaka 2011. Huko Kilifi magonjwa makali ya Hib, na yale ya aina za numokoka zilizomo katika chanjo, yalishuka karibu kuisha miaka iliyofuata. Mtoto asiyeugua hahitaji antibiotiki, na bakteria haipati darasa. Tangu Julai 2025 kuna chanjo ya typhoid pia, iliyoanza kwa kampeni ya watoto wa miezi 9 mpaka miaka 14. Kama wako alikosa, uliza kliniki.

Kulikuwa na swali la mzee mmoja kuhusu ng'ombe, na ni swali zuri kwa sababu nusu ya vikundi vyetu ni vya maziwa. Ng'ombe akipata ugonjwa wa kiwele tunamtia dawa kwenye chuchu, na hiyo ni antibiotiki, mara nyingi ya ukoo wa penisilini. Kibandiko kinasema maziwa yasitumiwe siku kadhaa. Kwenye kituo cha maziwa hatuyapeleki kwa sababu yatakataliwa. Tunayapeleka wapi? Kwenye sufuria ya nyumbani, yanywewe na watoto. Au anapewa ndama. Mzee, hayo maziwa mwaga. Najua inauma, lakini kuyachemsha hakuondoi dawa. Na wale wa kuku, ule unga wa manjano wa tetrasaiklini unaotiwa kwenye maji ya vifaranga tangu siku ya kwanza "ili wasiugue", ni sawa na mtu mzima kumeza antibiotiki kila asubuhi kwa chai. Banda kavu na chanjo ya Newcastle vitawasaidia zaidi, kwa sababu Newcastle ni virusi na unga huo hauwezi kuigusa.

Mama mwingine aliuliza: daktari akiniandikia dawa na pesa yangu inatosha nusu, nifanye nini? Mwambie daktari pale pale, kabla hujatoka. Mara nyingi kuna dawa ya bei ya chini inayofaa, au muda mfupi unaotosha. Usikate mwenyewe njiani. Na zikibaki, usiweke kwenye kabati kwa ajili ya jirani.

Basi, tule kwanza, githeri isipoe. Tukirudi, makatibu wafungue kitabu kwenye ukurasa wa msiba, na kila kikundi kikae peke yake na kalamu. Nauli za kutoka kwenu mpaka Molo na mpaka Nakuru, za mchana na za usiku, ziandikwe juu ya karatasi. Tutaanzia hapo.